Sindano kwanza: Jinsi ya kuboresha sauti ya gramafoni bila kuharibu santuri

Na MWANDISHI WETU

SANTURI zimerudi. Watu waliokuwa wamesahau masanduku ya muziki ya wazazi wao wanayatoa stoo, kuyapangusa vumbi na kutafuta gramafoni ya kuzichezea santuri zilizomo. Wengi wao hukumbana na tatizo lilo hilo: sauti waliyoikumbuka kuwa tamu sasa inakwaruza, kila herufi ya "s" inachoma masikio na besi imenywea.

Aghalabu hukimbilia kununua gramafoni mpya. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Hata hivyo, mara nyingi kasoro haimo katika gramafoni yenyewe bali katika kijipande cha almasi kidogo kuliko punje ya mchanga, yaani ncha ya sindano.

Tena madhara yake si ya kukera masikio pekee. Sindano iliyolika inapoendelea kutumika huichimba santuri, na kilichochimbwa hakirudi.

Hilo ni jambo zito hapa nchini. Benga ya Daniel Owino Misiani na Shirati Jazz, nyimbo za Joseph Kamaru na taarab ya Mombasa zilitolewa katika santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Baadhi ya santuri za enzi hiyo hazijawahi kutolewa upya kwa njia yoyote ile. Nakala iliyo kabatini mwako huenda ikawa miongoni mwa chache zilizosalia.

Makala haya yanaeleza jinsi sauti inavyotolewa katika santuri, kisha utaratibu wa kuiboresha kuanzia hatua ya gharama ndogo hadi ile ya gharama kubwa.

Sauti inavyosomwa

Kila upande wa santuri una mfereji mmoja mrefu unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na karatasi ya katikati. Kuta za mfereji huo zimechongwa mawimbi yanayofuata mitetemo ya sauti. Santuri ndefu ya mizunguko 33⅓ ilitolewa na Columbia ya Marekani mwaka 1948, na ile ya mizunguko 45 ikafuata mwaka 1949 kutoka RCA Victor. Katika santuri za stereo, zilizoenea kuanzia mwaka 1958, kila ukuta hubeba sauti ya spika moja.

Ncha ya sindano hupita mferejini na kutikiswa. Mtikiso huo hupanda kwa kijiti chembamba hadi ndani ya katriji, yaani kile kichwa kilichofungwa mwishoni mwa mkono wa gramafoni. Humo, sumaku na koili za waya huugeuza kuwa umeme.

Katika katriji zilizoenea zaidi, sumaku ndiyo inayotikisika ilhali koili zimetulia. Hizi hutoa umeme wa takriban milivolti 3 hadi 6. Katika aina ya pili, ambayo kwa kawaida ni ghali, koili ndizo zinazotikisika, na umeme wake mara nyingi haufikii milivolti moja.

Fauka ya hayo, santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa makusudi na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kwa mujibu wa kanuni ya RIAA iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1954. Kwa hivyo panahitajika kikuza sauti maalumu cha kuurejesha uwiano huo. Gramafoni inayokosa kifaa hiki, ikiunganishwa na tundu la kawaida la redio, husikika kwa mbali na bila besi. Ikiwa hilo ndilo tatizo lako, sindano mpya haitakusaidia.

Usafi na umri wa sindano

Hatua ya kwanza ni usafi. Pangusa santuri kwa brashi laini ya nyuzi za kaboni kabla ya kuicheza. Santuri chafu ya vinili ioshwe kwa maji yaliyotoneshwa, yasiyo na chumvichumvi, pamoja na tone la sabuni laini. Ifuate mifereji kwa mzunguko, na usiloweshe karatasi ya katikati. Zile nzito za kale za mizunguko 78, zilizotengenezwa kwa shelaki, zisiguswe kamwe na spiriti kwani huiyeyusha shelaki.

Hatua ya pili ni kuchunguza sindano. Kampuni ya Audio-Technica ya Japani hukadiria kwamba ncha ya mviringo hudumu kwa saa 500, ya duaradufu saa 300, na ile iliyochongwa nyembamba sana saa 1,000. Anayecheza santuri moja ndefu ya dakika 40 kila siku hutimiza saa 500 kwa muda unaozidi kidogo miaka miwili. Ikiwa umerithi gramafoni na hujui sindano yake imetumika kwa muda gani, ihesabu kuwa imekwisha.

Dalili za kulika ni bayana. Herufi za "s" na "sh" hutoka kwa mchakaricho, nao mchakaricho huo huzidi kadiri sindano inavyokaribia katikati ya santuri. Sababu ni kwamba ukingoni mwa santuri ndefu mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi ya takriban nusu mita kwa sekunde, ilhali karibu na katikati kasi hiyo hushuka hadi takriban sentimita 21. Mawimbi hubanana, na ncha iliyolika hushindwa kuyafuata.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika katriji nyingi za sumaku inayotikisika, sindano huchomolewa kwa vidole na nyingine kuchomekwa pasipo kutumia bisibisi. Andika namba kamili ya katriji kabla ya kwenda dukani. Hata kwa Shure ya Marekani, iliyoacha kutengeneza katriji mwaka 2018, bado kuna sindano mbadala kwa miundo yake mingi kutoka kampuni ya JICO ya Japani.

Umbo la ncha

Baada ya sindano nzima, jambo linalobadilisha sauti zaidi ni umbo la ncha. Ncha ya mviringo ni nafuu na haisumbui kufungwa, lakini huteleza juu ya mawimbi madogo kabisa. Ya duaradufu huingia ndani zaidi na kusoma sauti nyembamba kwa usahihi. Zile nyembamba sana, ikiwemo Shibata iliyobuniwa Japani miaka ya 1970, hugusa sehemu kubwa zaidi ya ukuta wa mfereji, ila zinataka ufungaji wa makini.

Si lazima ununue katriji nzima ili kupanda daraja. Sindano za katriji za VM95 za Audio-Technica hubadilishana katika mwili mmoja, kuanzia ya mviringo hadi Shibata. Vivyo hivyo, sindano ya Ortofon 2M Blue huingia katika mwili wa 2M Red. Mtu anaweza kuanza na ya bei nafuu na kupanda baadaye.

Wenye santuri za mizunguko 78, zikiwemo za enzi ya Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, wanahitaji sindano ya pekee. Ncha ya santuri za vinili ina nusu kipenyo cha takriban milimita 0.018. Ya santuri za 78 ni takriban milimita 0.076, zaidi ya mara nne. Sindano ya kawaida hukokota sakafu ya mfereji huo mpana na kuokota kelele.

Iwapo unanunua katriji mpya, tazama namna mkono wako unavyoipokea. Mikono mingi ina skrubu mbili zilizoachana kwa milimita 12.7. Hata hivyo, gramafoni nyingi za nyumbani za miaka ya 1980 hutumia katriji ya kuchomeka yenye pini nne na skrubu moja ya pembeni. Aina hizi mbili hazibadilishani ovyo.

Kufunga na kupima

Katriji ghali iliyofungwa vibaya hushindwa na ya bei nafuu iliyofungwa vyema. Kwanza, hakikisha kwa pimamaji kwamba gramafoni imekaa sawa juu ya meza isiyotikisika. Pili, unganisha waya nne kwa rangi zake: nyeupe na bluu ni za upande wa kushoto, nyekundu na kijani ni za kulia. Tatu, tumia kiolezo cha karatasi kuinyoosha katriji ili ifuate mfereji bila kukaa upande.

Nne, pima uzito wa sindano kwa mizani ndogo ya kidijitali. Katriji nyingi za kisasa zinahitaji takriban gramu 2. Fuata kipimo cha mtengenezaji. Wengi hudhani kuwa uzito pungufu huilinda santuri. La hasha! Sindano iliyo nyepesi kupita kiasi hurukaruka na kugonga kuta, na huko ndiko kuharibu.

Kwa santuri za zamani za mono, kibonye cha mono kwenye kikuza sauti, kama kipo, hupunguza kelele nyingi bila gharama yoyote.

Lini ubadilishe gramafoni?

Kuna nyakati ambapo gramafoni yenyewe ndiyo tatizo. Nyingi za bei ya chini zilizoundwa kama sanduku la kubeba zina katriji ya kauri, uzito mkubwa wa sindano na mkono usiorekebishika. Hizo hazifai kuwekewa fedha zaidi, wala hazifai kukabidhiwa santuri adimu.

Gramafoni ya mkanda ikibadilika kasi, jaribu kwanza mkanda mpya, kwani mpira hulegea kwa miaka. Walioletewa gramafoni kutoka Marekani wawe na hadhari. Umeme wa kule ni volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu ni volti 240 na mizunguko 50. Transfoma hurekebisha volti tu. Ikiwa mota inafuata mizunguko ya umeme, santuri ya 33⅓ itazunguka chini ya mara 28 kwa dakika, na mwimbaji atasikika kama mgonjwa. Hapo itabidi kubadilisha gurudumu dogo la mota. Gramafoni ambazo mota yake huongozwa na saa ya kwazi haziathiriki.

Anayetafuta gramafoni ya kudumu mara nyingi huelekezwa kwa Technics SL-1200, ambayo mota yake huizungusha sahani moja kwa moja bila mkanda. Ilitoka mwaka 1972, utengenezaji ukasimama mwaka 2010 na kurejea mwaka 2016. Hata hivyo, kumbuka kwamba ikifungwa sindano iliyolika itachimba santuri sawa na gramafoni nyingine yoyote.

Kwa hivyo utaratibu ni huu: usafi, sindano, ufungaji, umbo la ncha, kikuza sauti, na mwisho gramafoni. Ukifikia sauti safi, zirekodi kwanza santuri zako adimu kwenye kompyuta wakati sindano ingali mpya, na uandike jina la bendi, wimbo na namba iliyo kwenye karatasi ya katikati. Kisha zirudishe katika mifuko yake, uzisimamishe wima mbali na jua, na uanze kuhesabu saa za sindano yako.