Msogezo: Neno Lenye Mkono Ndani Yake

Kamati ya istilahi iliyotupatia "mwendo-simamo" kwa maana ya "stop motion" ilitazama maneno ya Kiingereza, haikuitazama kazi yenyewe. Nimeisoma orodha yao zaidi ya mara moja, nikitumaini kuwa mimi ndiye niliyekosea. Sikukosea. Anayezijua filamu za aina hiyo anajua kwamba hakuna mwendo wowote unaosimamishwa. Kikaragosi hakijapiga hatua hata moja tangu kiundwe. Kinasogezwa kidogo, kinapigwa picha, kinasogezwa tena, kinapigwa nyingine. Mwendo huzaliwa machoni mwa mtazamaji.

Kusimama kunakotajwa katika "stop motion" ni kwa mashine. Mwaka 1896 Georges Méliès, mwanamazingaombwe wa Ufaransa, alimtowesha mwanamke aliyeketi kitini kwa hila rahisi: kamera ilisimamishwa, mwanamke akaondoka, kamera ikaendelea. Kilichosimama pale ni kamera. Wenzetu wakaambatisha "simamo" kwenye mwendo, wakaweka kistari katikati, wakadhani kistari kitaziba pengo la maana.

Kwa neno uhuishaji, yaani "animation", sina ugomvi. Ni neno zuri kuliko asili yake ya Ulaya. Kilatini kilianzia kwenye anima, yaani pumzi, roho. Sisi tulianzia kwenye mzizi wa Kiarabu uliotupa hai, uhai, huika na huisha. Anayehuisha hutia uhai, na Mswahili yeyote anasikia uhai humo bila kufunuliwa kamusi. Tatizo linaanza tunapotaka kutaja uhuishaji wa aina hii, wa vitu halisi vinavyoguswa kwa vidole.

Napendekeza msogezo. Chimbuko lake ni sogea, kisha sogeza, na umbo lake ni la mchezo, msemo, mtego na mwendo: kiambishi m- mwanzoni, irabu -o mwishoni. Sogeza ni kauli ya kutendesha, kwa hiyo ndani yake yumo mtendeshaji. Mkono umo. Tena neno limebeba kipimo chake: tunasogeza kiti, tunasogeza sufuria pembeni mwa jiko, tunamsogeza mtoto aliyelala ukingoni mwa kitanda. Hakuna anayesogeza gari kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Udogo wa tendo umekwishatajwa.

Mwenzangu mmoja, ambaye naheshimu kazi zake za kamusi, anashikilia mjongezo. Namkatalia. Kujongea kuna kinachoendewa: mtu hujongea moto, hujongea altare, hujongea mlango. Kikaragosi kinachofumba jicho hakijongei chochote. Na nilipowasilisha msogezo mbele ya jopo moja la istilahi, niliambiwa kwamba hilo ni neno la makondakta. Siku ile nilinyamaza, leo najibu. Ndiyo, konda analisema kutwa nzima, "sogeeni nyuma kidogo," na abiria wote wanaelewa wafanye nini na kwa kiasi gani. Neno linaloeleweka hivyo halihitaji kuombewa radhi.

Historia ya sanaa hii inaniunga mkono. Katika filamu ya King Kong ya mwaka 1933, sokwe wa msogezaji Willis O'Brien alikuwa na mifupa ya chuma yenye viungo vinavyozunguka, na mwili wa mpira uliovikwa manyoya ya sungura. Kila alipoguswa, manyoya yalilala upande mwingine, na kwenye skrini yanaonekana yakitetemeka kama yanapigwa na upepo. Ni vidole vya msogezaji vile. Katika filamu za Nick Park, Mwingereza anayetumia udongo laini wa kuchezea, alama za vidole zinaonekana kwenye nyuso za Wallace na Gromit. Moustapha Alassane wa Niger alipotengeneza filamu ya Kokoa mwaka 2001, wanyama wake walipigana mieleka kwa subira ileile ya mkono. Simamo liko wapi katika kazi hizi?

Likizo ya Desemba mpwa wangu aligeuza chumba cha uani kuwa studio. Alitengeneza bibi kizee mwenye mifupa ya waya wa umeme uliosokotwa, nyama ya sponji ya godoro na kichwa cha udongo wa mfinyanzi. Miguu aliifanya mikubwa kupita kiasi, ili bibi asimame bila kuanguka, na chini ya nyayo akapitisha pini hadi kwenye ubao. Dirisha aliliziba kwa blanketi, kwa sababu wingu likipita tu mwanga unaruka kutoka picha moja hadi nyingine. Kanga ndiyo iliyomtesa. Alikata kipande cha kanga halisi, ua moja likafunika mgongo wote wa bibi, na papo hapo akaonekana sesere aliyefungwa kitambaa. Ikabidi achore kanga nyingine kwenye marekani kwa brashi nyembamba, pindo na mji wake, maua madogo kama punje za ufuta. Nilipoinama nione vizuri akanizuia: "Mjomba, usiguse meza, nimeshamsogeza." Orodha ya kamati hajawahi kuiona. Neno lilimjia kwa sababu ndilo tendo lenyewe.

Kanga ile inanileta kwenye kosa la pili la orodha hiyohiyo, ambako mandhari ndogo ya filamu imeitwa "kidunia". Hivi kweli hakuna aliyekumbuka kwamba mambo ya kidunia ni kinyume cha mambo ya kiroho? Kiambishi ki- hapa kimeshachukuliwa na kazi nyingine. Lugha ina kiji-, inayotupa kijitabu, kijito na kijidudu. Basi iwe kijidunia, wingi vijidunia: mahali ambapo ndoo ni kifuniko cha chupa na kila kitu kimepimwa kwa kimo cha mhusika.

Matumizi ni mepesi: filamu ya msogezo, msogezaji, misogezo 12 kwa sekunde ikiwa kila pozi linapigwa picha mbili katika filamu ya picha 24. Dakika moja ni misogezo 720.

Nawaomba walimu wa sanaa na wahariri waanze kuyatumia maneno haya sasa, kabla "mwendo-simamo" halijaingia vitabuni. Na kamati ile naisihi iufungue upya ukurasa huo wa orodha yake, ikiwa na msogezaji mmoja ndani ya chumba.