Jarida Lisilo na Alama: Mlimani, 1967 hadi 1970

Wiki chache kabla ya mitihani ya muhula uliopita, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliingia ofisini kwangu akiwa na barua. Alikuwa anajiuzulu uhariri wa jarida dogo la chama cha midahalo, chama ambacho mimi ni mlezi wake. Sababu yake ilikuwa ya heshima: alama zilikuwa zinashuka, na baba yake alikuwa amemuuliza kwa simu kama ada inalipwa kwa ajili ya masomo au kwa ajili ya majarida. Nilimwomba aiache barua mezani kwa siku saba. Swali la mzee yule lina umri mkubwa kuliko wangu, na historia ya Mlimani imewahi kulijibu.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado chuo kishiriki, waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, likiwamo la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza kwa mamia, kisha akapunguza na mshahara wake mwenyewe. Miezi isiyotimia minne baadaye likaja Azimio la Arusha. Tukio lile hutajwa kama ushahidi wa ubinafsi wa wasomi. Mimi naliona pia kama ushahidi wa pengo: chuo kiliwafundisha vijana sheria na uchumi, lakini hakikuwa na mahali ambapo wangejiuliza kwa uhuru wanadaiwa nini na mkulima anayewasomesha.

Mahali hapo walipatengeneza wenyewe. Mwaka 1967 ilizaliwa jumuiya ya wanafunzi wa kimapinduzi iliyojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, USARF. Mwenyekiti wake alikuwa Yoweri Museveni, mwanafunzi kutoka Uganda. Siku za Jumapili, wenzao wakiwa kanisani au wamelala, wao walikutana kusoma na kubishana juu ya Fanon, Nkrumah na Marx. Hapakuwa na daftari la mahudhurio. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyekuwa akifundisha hapo, alishiriki nao. Baadhi yao walivuka hadi maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO nchini Msumbiji ili wakaone kwa macho yao kile walichokisoma.

Si kila shughuli ya nje ya darasa ilikuwa na uzito huo. Palikuwa na desturi, iliyorithiwa kutoka vyuo vya Uingereza, ya wanafunzi kuvaa matambara siku moja kwa mwaka na kuingia mjini kuchangisha fedha za maskini. Mwaka 1968 wana-USARF waliizuia, wakisema kuwa kuigiza umaskini mbele ya maskini ni kuwadhihaki. Wenzao walikasirika, na ugomvi ukawa mkubwa. Naupenda ugomvi huo kuliko mihadhara mingi niliyoisikia, kwa kuwa pande zote mbili zililazimika kueleza msaada ni nini.

Mwaka 1969 wakaanzisha jarida, wakaliita Cheche. Lilipigwa taipu na kurudufiwa kwa mashine ya stensili. Miongoni mwa wahariri wake walikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati ambaye baadaye alikuwa profesa wa takwimu, na Zakia Meghji, ambaye miongo kadhaa baadaye alikuwa waziri wa fedha. Toleo maalumu la 1970 lilibeba makala ndefu ya kijana wa sheria, Issa Shivji, iliyouliza ni tabaka gani hasa linalofaidi utaifishaji. Hakupata alama hata moja kwa makala hiyo. Hata hivyo inasomwa mpaka leo, na sijui ni insha ngapi za mtihani za mwaka ule zinazoweza kusemwa hivyo.

Novemba 1970, miezi michache tu baada ya chuo kuwa chuo kikuu kamili, Cheche na USARF vilipigwa marufuku. Hoja ilikuwa kwamba Umoja wa Vijana wa TANU unatosha, na kwamba jina la jarida linanukia itikadi ya kigeni. Wahariri waliendelea na kazi ndani ya tawi la Umoja huohuo, kwa jarida jipya, MajiMaji.

Sisemi kwamba vikundi vya wanafunzi huzaa watu wema. Mwenyekiti yule wa USARF ameitawala Uganda tangu 1986, na kila msomaji ana maoni yake. Ninachosema ni kwamba vijana wale walijifunza kuitisha kikao, kumaliza ubishi bila mwalimu kuamua, kutafuta karatasi, na kuweka jina chini ya maneno yatakayomuudhi mkubwa. Siku hizi tunawaambia wanafunzi kwamba vyama hupamba wasifu wa kuombea kazi, halafu tunashangaa wanapovikimbia alama zikishuka.

Siku ya saba kijana alirudi. Sikumshawishi, nilimwazima kitabu ambacho Hirji alikihariri mwaka 2010 kuhusu Cheche. Alikirudisha baada ya siku nne, akachukua barua yake mezani bila kueleza anaipeleka wapi, kisha akauliza, "Mwalimu, hawa kibali cha kutumia ile mashine walipewa na nani?"