Skeli ya Lidia: "fe" ya kwaya na kodi zake kwenye gitaa

Kwaya inapojifunza wimbo mpya kwa do re mi, mara nyingine mwalimu huandika "fe" mahali ambapo wengi wamezoea "fa". Waimbaji wanaimba kama ilivyoandikwa, gitaa linaingia, na sauti zinagombana. Lawama huwaangukia waimbaji, nao wanaambiwa wametoka nje ya sauti. Kumbe huenda kosa liko kwenye kodi.

Kwa wasikilizaji wetu wa Musoma, Bunda na Butiama mnaopiga gitaa kanisani, kwenye bendi au nyumbani, tunaeleza hapa skeli yenye fe hiyo na kodi zinazoendana nayo. Kodi tunayoizungumzia si ile ya TRA: ni noti tatu au zaidi zinazopigwa pamoja.

Skeli ya Lidia ni nini?

Ni skeli ya kawaida ya meja iliyobadilishwa noti moja tu. Noti ya nne inapanda nusu toni, yaani freti moja ya gitaa. Badala ya do re mi fa so la ti, unaimba do re mi fe so la ti. Do ikiwa C, noti zake ni C, D, E, F#, G, A na B.

Ipo njia nyingine ya kuisikia. Imba skeli ya kawaida, lakini anza na umalizie kwenye fa: fa so la ti do re mi fa. Umbo ni lilelile. Kwenye kinanda, ni vitufe vyeupe kutoka F hadi F.

Jina linatokana na Lidia, nchi ya kale iliyokuwa katika Uturuki ya leo. Thiatira, mji wa yule mama Lidia muuza zambarau wa Matendo 16, ulikuwa upande huo. Mwaka 1825 Beethoven, baada ya kupona ugonjwa mzito, alitunga sehemu ya kwateti yake ya opus 132 kwa skeli hii, kama wimbo wa shukrani kwa Mungu. Mwaka 1953 Mmarekani George Russell alitoa kitabu kilichoifanya Lidia kuwa msingi wa nadharia yake ya jazi.

Kodi zinazopatikana

Tukibaki kwenye C, kodi kuu ni C, D, Em, G, Am na Bm. Tazama mabadiliko mawili: Dm imekuwa D meja, na F meja haimo kabisa. F meja ina noti ya F; kwaya ikiimba F# juu yake, noti hizo mbili zinapishana nusu toni tu. Ugomvi unaanzia hapo.

Namba zifuatazo zinasomwa kutoka uzi mnene hadi mwembamba. Sifuri ni uzi usiobanwa, x ni uzi usiopigwa.

C: x32010
D: xx0232
Em: 022000
G: 320003
C yenye ladha ya Lidia: x32002

Kodi hiyo ya mwisho ina C, E, G, B na F# kwa pamoja. Ipige taratibu, uzi mmoja mmoja, usikie F# inavyong'aa juu.

Mtego wa kodi ya D

D meja hupenda kwenda G. Ukipiga C, D, kisha ukatua G, sikio litaamini nyumbani ni G, na Lidia itakuwa imepotea. Dawa yake ni besi. Mpigaji wa besi ashikilie C bila kuhama, huku gitaa likibadilisha C na D, kisha kila mstari umalizikie C. Ukiwa peke yako, piga D yenye C chini yake: x30232.

Fe si Lidia kila mara

Kabla ya kubadilisha kodi, sikiliza fe inakwenda wapi.

Kama inapanda so na wimbo unatulia hapo, basi wimbo umehamia ufunguo wa so kwa muda. Hii hutokea mara nyingi katika nyimbo za kwaya. Piga D kisha G.

Kama inapita haraka tu, so fe so, kodi ya C au G inaweza kubaki ilivyo.

Kama fe inarudi tena na tena na nyumbani kunabaki do, hiyo ndiyo Lidia. Piga C na D juu ya besi ya C.

Katika hali zote tatu, F meja iache pembeni wakati kwaya iko kwenye fe.

Na litungu je?

Litungu la Wakuria na nyatiti ya Wajaluo hulinganishwa nyuzi zake kwa sikio la mpigaji na sauti ya mwimbaji. Noti yake ikisikika juu kidogo ya fa ya gitaa, usikimbilie kuiita Lidia, wala usimlazimishe mpigaji abadilishe nyuzi. Gitaa lishike noti mbili tu, do na so, liache litungu liseme.

Jioni hii jaribu zoezi moja: piga C mara nne, D yenye C chini mara nne, huku ukiimba mi fe so mi. Fe ikikaa bila kugombana na gitaa, uko tayari kwenda nayo mazoezini.