Taazia ya Coventry

Katika kejeli zote za vita sijui kama iko iliyo chungu kuliko hii, ya kwamba majemadari wa anga wa Kijerumani, walipoazimia kuuteketeza mji wa Coventry ulio katikati ya Uingereza, waliipa shughuli hiyo jina la Sonata ya Mbalamwezi, ambalo ni jina la utungo wa Beethoven unaojulikana na kila ajifunzaye piano. Mbalamwezi kweli ilikuwako. Usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 15 Novemba 1940, tangu saa moja na ushei hata karibu na mapambazuko, ndege zaidi ya 400 zilipokezana juu ya mji zikimwaga mabomu ya moto na ya baruti. Wakafa watu wapatao 568, na kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli, la mawe mekundu ya karne ya 14 na ya 15, likaungua lote ndani, lisibakize ila mnara na kuta zilizozunguka majivu.

Katika majivu hayo yalionekana maboriti mawili ya dari yaliyoanguka yakapandana mithili ya msalaba, nayo yakafungwa pamoja na kusimamishwa. Kisha mkuu wa kanisa, Padre Richard Howard, akaamuru yachongwe ukutani nyuma ya madhabahu maneno mawili tu. Aliitwaa ile dua aliyoiomba Bwana Yesu msalabani kwa ajili ya waliomsulubu, akaliondoa neno linalowataja wa kusamehewa. Kwa Kiswahili jambo lenyewe lingekuwa dogo hata lisionekane, maana ni kuidondosha silabi moja, ile wa- iliyo tumboni mwa kitenzi. Lakini ikiisha kudondoka, aombaye hana tena wa kumnyoshea kidole, naye mwenyewe amekwisha kuingia katika hesabu ya wakosaji.

Magofu yakaachwa yasimame, na Basil Spence, msanifu aliyewashinda wenziwe zaidi ya 200, akalijenga kanisa jipya ubavuni mwake. Kwa sherehe za kulifungua, mwaka 1962, aliombwa utungo mpya Benjamin Britten, ambaye wakati wa vita alikataa kushika silaha kwa kuwa dhamiri yake haikumruhusu. Aliyoyaleta, War Requiem, ni maombolezo yenye ubishi ndani yake: kwaya, okestra kubwa na mwimbaji wa kike huisoma Misa ya Wafu kwa Kilatini, na wanaume wawili, wakifuatana na kikundi kidogo cha ala, huikatiza kwa mashairi ya Kiingereza ya Wilfred Owen, askari aliyeuawa tarehe 4 Novemba 1918, katika vita vile vile vilivyowaangamiza wapagazi wa Kariakoo huku kwetu. Simu ya tanzia yake ilimfikia mamaye tarehe 11, kengele za kumalizika kwa vita zikilia.

Ubishi huo haudhihiriki popote kuliko pale panapotajwa Ibrahimu. Kwaya yaimba kwa furaha ahadi aliyopewa yeye na uzao wake; ndipo wale wawili wanaposimulia kisa cha kuchinjwa kwa mwana, kisa ambacho kila Iddi ya kuchinja twakikumbuka, ingawa wasimulizi hutofautiana katika jina la mwana mwenyewe. Malaika aja, kondoo yupo tayari. Walakini katika shairi la Owen mzee hasikii. Amchinja mwanawe, na pamoja naye nusu ya vijana wa Ulaya. Wanaume wakirudia neno hilo kwa kukatakata, wavulana wa kwaya waimba kutoka mbali sala ya sadaka, kana kwamba hawakuona kitu.

Britten alitaka waimbaji watatu watoke katika mataifa matatu yaliyopigana: Peter Pears Mwingereza, Dietrich Fischer-Dieskau Mjerumani, na Galina Vishnevskaya wa Urusi. Serikali ya Kisovieti ikamnyima bibi huyo ruhusa, na nafasi yake akaishika Heather Harper, aliyejifunza kazi ile ngumu kwa siku 10 hivi. Sioni kwamba kasoro hii iliiharibu shughuli. Iliionyesha dunia ilivyokuwa. Januari 1963 Vishnevskaya alifika London kurekodi sahani, na mara alipoona amewekwa upande wa kwaya badala ya mbele pamoja na wanaume, alihamaki kwa kudhani amedharauliwa.

Huyo Mjerumani, ambaye kwangu ndiye moyo wa habari hii, alichukuliwa jeshini akali kijana, akatunza farasi katika medani ya Urusi, akashikwa mateka na Wamarekani huko Italia. Na nduguye aliyekuwa kilema aliachwa afe kwa njaa chini ya utawala wa Hitler. Usiku wa tarehe 30 Mei 1962, mwishoni mwa kazi, alipewa maneno ya maiti anayekutana chini ya ardhi na askari aliyemuua, akajitambulisha kwake pasipo chuki. Na aliyeitikia upande wa pili ni Pears. Kisha wote wawili wakaimba habari ya usingizi, kwaya na wavulana wakaingia, na zile sauti mbili za kengele zisizopatana, zilizokuwa zikigongwa tangu mwanzo, zikarudi kwa mara ya mwisho. Waliohudhuria walikuwa wameombwa wasipige makofi. Katika kimya hicho Fischer-Dieskau alilia, na Pears akapata taabu kumwondoa katika viti vya kwaya.