Freti za Gitaa na Kosa Lililokaa Miaka Mingi

Leo tuweke programu kando kidogo tuzungumzie gitaa. Usikimbie! Ndani yake mna hesabu, na mna kosa ambalo kila mwanaprogramu atalitambua.

Ukimwagiza fundi gitaa, jambo la kwanza kuamua ni urefu wa uzi unaolia, kutoka kizuizi kilicho karibu na kichwa hadi daraja. Magitaa mengi ya kiklasiki hutumia milimita 650. Ukishachagua urefu huo, freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole) hazina uhuru tena. Freti ya 12 hukaa katikati ya uzi ili sauti ipande oktava nzima, na kila hatua kabla yake hupunguza uzi kwa uwiano ule ule. Uwiano huo ni kipeuo cha 12 cha 2, yaani takriban 1.05946.

Tarakilishi hutoa jibu hilo kwa mstari mmoja tu. Je, mafundi wa zamani walifanyaje? Mwaka 1581 Vincenzo Galilei, mpiga luti wa Italia na baba yake Galileo, alipendekeza njia rahisi: gawa uzi kwa 18, weka freti ya kwanza hapo, kisha gawa kilichobaki kwa 18, na kuendelea. Ni kanuni nzuri, ila kosa dogo la kila hatua hujilimbikiza. Kwenye uzi wa milimita 650, freti ya 12 huangukia milimita 322.6 badala ya 325.

Mwaka 1743 fundi wa ala za muziki huko Uswidi, Daniel Stråhle, alichapisha njia nyingine katika jarida la Akademia ya Sayansi ya nchi hiyo. Hakuwa mwanahisabati. Njia yake haihitaji kukokotoa chochote, ni rula na bikari tu:

1. Chora mstari QR wa vipimo 12, uugawe sehemu 12 sawa.
2. Simamisha juu yake pembetatu yenye kilele O, pande OQ na OR zikiwa vipimo 24.
3. Kwenye OQ weka alama P, vipimo 7 kutoka Q.
4. Chora mstari kutoka R kupitia P hadi M, PM ikiwa sawa na RP. RM ndio uzi wako, R ikiwa upande wa kichwa.
5. Kutoka O vuta mistari hadi kila alama ya QR. Inapokata RM, weka freti.

Mwanachama wa Akademia, Jacob Faggot, msomi wa hesabu, aliikagua kazi hiyo. Akatumia trigonometria na kutangaza kwamba kosa linafika asilimia 1.7, karibu theluthi moja ya nusu toni. Sikio lolote lingelisikia hilo. Hukumu ikachapishwa pamoja na makala ya fundi, na njia ikatupwa.

Mwaka 1957 msomi wa muziki wa Marekani, J. Murray Barbour, aliirudia hesabu ile. Akakuta kwamba Faggot alikosea pembe moja: aliandika digrii 40 na kidogo mahali pa 33 na nusu hivi, na kosa hilo likaharibu majibu yaliyofuata. Kosa halisi la njia ya Stråhle ni takriban asilimia 0.15 tu. Fundi alikuwa sahihi, lakini alikuwa amekufa zamani.

Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa. Sisi tunaoandika programu tunajua jaribio nalo linaweza kuwa na hitilafu. Jaribio likiikataa kazi ya mtu anayeijua kazi yake, kagua jaribio pia kabla ya kuifuta kazi.

Na ukiagiza gitaa leo, gawa urefu wa uzi kwa 17.817 upate freti ya kwanza (kwa 650 ni milimita 36.5), kisha gawa kilichobaki kwa namba hiyo hiyo, bila kukadiria desimali njiani. Mwambie fundi apime kila freti kutoka kizuizi cha juu, asipime kutoka freti iliyotangulia, la sivyo makosa ya rula yatajilimbikiza.