Nyumba Imeuzwa, Mianzi Imebaki: Historia ya Ugomvi wa Vilivyoachwa

Katika vijiji vya Mufindi, na Igowole ikiwamo, uuzaji wa nyumba hauishi siku ya kuhesabiana fedha. Muuzaji hurudi. Hurudi baada ya wiki moja kung'oa mlango ambao, kwa maelezo yake, haukuwamo katika bei. Hurudi masika kugema ulanzi katika kichaka cha mianzi alichokipanda baba yake. Hurudi baada ya miaka kadhaa na msumeno, kwa sababu misindano iliyokuwa michanga siku ya mauziano sasa imefikia umri wa mbao. Mwingine hurudi na ndugu zake kufagia makaburi, akakuta mnunuzi amekwisha kuzungusha ua. Kila mara mnunuzi huuliza swali lile lile: “Si uliniuzia?” Na muuzaji hujibu bila kusita: “Nilikuuzia nyumba.”

Wasomi wa mjini wakisikia habari hizi huzipa majina mepesi: tamaa, ujanja, kutojua sheria. Mimi naziona tofauti. Wapo walaghai, bila shaka, lakini wengi wa wanaogombana mbele ya baraza la ardhi la kijiji wanaamini kwa dhati kile wanachokisema, na wote wawili wana historia ya kutosha kuwatetea. Ugomvi wa vilivyoachwa ni mabaki ya mgongano wa miaka 100 kati ya namna mbili za kuelewa mali. Dola ya nchi hii, ya kikoloni na ya baada ya uhuru, imezitumia zote mbili kwa zamu, kila mara ile iliyoifaa wakati huo.

Namna ya kwanza ni kongwe kuliko dola yenyewe. Kwa jamii nyingi zetu, Wahehe na Wabena wakiwamo, ardhi haikuwa bidhaa ya mtu mmoja. Kilichokuwa cha mtu ni kazi yake: pori alilolifyeka, nyumba aliyoijenga, mti alioupanda. Ardhi na kilicho juu yake vingeweza kuwa na wenyewe tofauti. Si jambo la nyanda za juu peke yake. Unguja na Pemba, mikarafuu na minazi imekuwa na wenyewe wasio wenye ardhi. Mombasa hadi leo kuna mitaa ambayo mtu humiliki nyumba, huiuza na kuirithisha, ilhali ardhi iliyo chini ya nyumba hiyo ni ya mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Mtu aliyekulia katika fikra hiyo haoni kioja chochote katika kuuza nyumba na kubaki na mianzi.

Namna ya pili ililetwa na meli. Sheria za Uingereza zilipokelewa Tanganyika kwa kipimo cha tarehe 22 Julai 1920, na ndani yake mlikuwa na kanuni iliyorithiwa kutoka kwa Warumi: kilichoshikamana na ardhi ni sehemu ya ardhi. Mlango ukishapigiliwa kwenye fremu na fremu ikajengewa ukutani, mlango huo umekuwa ardhi. Mti wenye mizizi ni ardhi. Kwa Mwingereza, anayeuza kiwanja ameuza vyote hivyo, isipokuwa ametamka vinginevyo. Kiti na sufuria ataondoka navyo, dirisha hapana.

Lakini Waingereza hao hao hawakuwa tayari kuifuata kanuni yao hadi mwisho. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliifanya karibu ardhi yote ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya Gavana. Mwananchi alibaki na haki ya kuitumia tu. Thamani iliyotambuliwa ni ile ya maendelezo, yaani kitu kilichoshikamana na ardhi kutokana na fedha au jasho la mtumiaji, kikaiongezea faida. Hata hapo sheria ilibagua: matokeo ya kilimo cha kawaida hayakuhesabiwa, isipokuwa mazao yaliyokuwa bado yanakua. Mkulima aliyelima bonde miaka 30 na kulivuna lote alikuwa, machoni pa sheria, hajaendeleza kitu.

Mwalimu Nyerere aliupinga mpango wa serikali ya kikoloni wa mwaka 1958 wa kuleta umiliki binafsi wa ardhi. Hoja yake katika andiko la “Mali ya Taifa” ilijengwa juu ya ile fikra ya kale: ardhi hakuitengeneza binadamu, kwa hiyo hawezi kuiuza, kilicho chake ni kazi aliyoitia. Baada ya uhuru hoja hiyo ikawa sheria. Mwaka 1963 hati za umiliki wa milele zilibadilishwa kuwa mikataba ya kupanga kutoka serikalini, na mwaka 1969 mikataba hiyo ikageuzwa kuwa haki za kumiliki zenye masharti. Vizazi viwili vya Watanzania vimelelewa na usemi kwamba ardhi tupu haina bei. Kinachouzwa ni maendelezo. Tuutazame usemi huo kwa makini. Unamaanisha kwamba katika kila mauziano halali, vitu vilivyo juu ya ardhi ndivyo vilivyouzwa, na ardhi yenyewe ilihamia kwa mnunuzi kwa ruhusa tu. Basi mzee wa Igowole anapodai kwamba kila kilicho juu ya ardhi kilistahili bei yake, na kwamba mianzi haikutajiwa bei, anarudia somo ambalo serikali ilimfundisha.

Mufindi ina ushahidi wa jinsi dola ilivyojua kuhesabu vilivyoachwa ilipotaka. Chai ya biashara ilianza katika milima hii katikati ya miaka ya 1920, na walowezi wa Kijerumani walikuwa katika mstari wa mbele. Wenzao wa kabla yao walikuwa wamekwisha kupoteza mashamba baada ya Vita vya Kwanza: mali zao ziliwekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui zikauzwa, na Wajerumani hawakuruhusiwa kurudi Tanganyika hadi mwaka 1925. Mwaka 1939 hadithi ikajirudia. Vita vilipotangazwa Wajerumani walikamatwa, Msimamizi akashika mashamba yao, na mwaka 1940 kampuni ya Brooke Bond ikaingia kuendesha mashamba ya chai ya Mufindi. Mashina ya chai, majengo na mitambo vilibaki mahali pake. Wenyewe tu walibadilika.

Sisemi Wajerumani hao walitendewa haki, wala sisemi ardhi ile ilikuwa yao kwanza. Nasema kwamba kwa mali ya mlowezi, hata alipoitwa adui, iliundwa ofisi yenye jina, mamlaka na hesabu. Mkataba wa Versailles wenyewe uliweka utaratibu wa jinsi fedha za mali hizo zitakavyohesabiwa dhidi ya madeni ya Ujerumani.

Sasa tulinganishe na kuondoka kwa wananchi wenyewe. Mkoa wa Iringa ulikwisha kuona makali ya siasa ya ardhi tarehe 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, alipouawa Isimani kwa risasi ya mkulima katika mvutano wa kilimo cha ujamaa. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima, na mwisho wa kuhamia ukawekwa mwaka 1976. Mamilioni walihamishwa nchini kote. Katika maeneo mengi nyumba zilibomolewa au kuchomwa ili wenyewe wasirudi. Watu waliondoka na walichoweza kukibeba: milango, mabati kwa waliokuwa nayo, vyungu, kuku. Waliacha miti, mianzi, visima na makaburi. Hapakuwa na msimamizi wa mali za wananchi wala daftari la kuandika kwamba huyu ameacha miembe minne na kaburi la mama yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 1974 daftari halikuletwa kabisa.

Miaka ya 1980, siasa ya vijiji ilipolegea, watu walianza kurudi kwenye mahame yao. Walikuta wengine wamegawiwa mashamba hayo na serikali ya kijiji. Na walipotakiwa kuthibitisha haki yao walionyesha nini? Walionyesha vilivyoachwa: mti uliopandwa na babu, jiwe la kusagia, kaburi. Kwa asiye na hati, kitu kilichoachwa ndicho hati. Serikali ilijibu kwa sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki hizo za kimila bila fidia. Mahakama ya Rufani ikaibatilisha sehemu kubwa ya sheria hiyo katika rufaa ya mwaka 1994 ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay. Jaji Mkuu Francis Nyalali alieleza kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba jasho lililotiwa katika ardhi lina thamani hata pasipo jengo juu yake. Hukumu hiyo ilihusu wakulima wa Mkoa wa Arusha, lakini ingefaa isomwe katika kila kijiji cha Mufindi.

Kisha gurudumu likageuka. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zilikiri kwamba maslahi katika ardhi yana thamani. Marekebisho ya mwaka 2004 yakafungua zaidi njia ya kuuza hata ardhi isiyoendelezwa. Na katika tafsiri yake, Sheria ya Ardhi ikasema kwamba neno “ardhi” linajumuisha vitu vinavyoota juu yake na majengo yaliyoshikamana nayo. Kwa sentensi moja ya tafsiri, ile kanuni ya Kirumi ilikaa rasmi juu ya kichaka cha mianzi cha mzee wetu. Hakuna aliyekwenda kumweleza.

Mabadiliko hayo yangeweza kupita kimya kama ardhi ya Mufindi isingepanda bei. Ilipanda. Mbao ziligeuka akiba ya mkulima: aliyepanda milingoti au misindano alijua kwamba ada ya shule ya miaka 10 ijayo imesimama shambani. Wanunuzi wakaja kutoka Iringa, Mbeya na Dar es Salaam. Katika eneo kama hili thamani ya miti yaweza kuipita thamani ya nyumba na kiwanja chake. Sasa neno lililoachwa bila kuandikwa si la mlango mmoja tena; ni la urithi wa watoto.

Na hati za mauziano zimebaki zile zile: karatasi ya daftari la shule, jina la muuzaji, jina la mnunuzi, bei kwa tarakimu na kwa maneno, mashahidi wawili, muhuri wa kijiji. “Nimemuuzia nyumba yangu yenye vyumba vitatu.” Miti haitajwi. Kisima hakitajwi. Mahindi yaliyo shambani hayatajwi. Kila upande hujaza ukimya huo kwa sheria iliyo kichwani mwake.

Wanaoumia zaidi ni wawili. Wa kwanza ni mwanamke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, lakini ridhaa hiyo mara nyingi huwa dole gumba chini ya karatasi ambayo mwenye dole hakusomewa. Migomba aliyoipanda, bustani yake, kuni alizozikusanya, vyombo vyake vilivyofungiwa stoo: vyote huhesabiwa vimeuzwa na mume. Wa pili ni marehemu. Tunayo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, lakini hiyo ilitungwa kwa ajili ya ardhi inayohitajiwa kwa manufaa ya umma. Mtu akimuuzia mwenzake eneo lenye makaburi ya ukoo, ukoo hubaki na imani njema ya mnunuzi tu, na imani njema haihamishwi pamoja na hati mnunuzi huyo naye anapouza. Asiyekuwepo na lake halipo, tunasema. Lakini marehemu yupo pale pale, ila hana wa kumsemea.

Wapo watakaosema dawa ni kusajili ardhi yote na kuwaachia mahakimu kazi iliyobaki. Sikatai usajili. Ila hatimiliki hutaja mipaka na mwenye haki. Haitaji mlango, wala mianzi, wala ahadi ya kuruhusu watu kufagia kaburi kila mwaka. Hayo hutajwa na watu, siku ya mauziano, wakiwa bado wanaelewana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji tayari inataka uhamishaji wa haki ya kimila upate kibali cha halmashauri ya kijiji. Halmashauri isitoe kibali hadi orodha iwe imesomwa kwa sauti: vinavyobaki, vinavyoondoka na siku ya mwisho ya kuviondoa, miti ni ya nani na itakatwa lini, makaburi mangapi na njia ya kuyafikia ni ipi. Na mke asimame aseme vilivyo vyake. Kazi hiyo inahitaji kalamu, karatasi mbili zaidi na mtendaji mwenye subira.

Serikali ya kikoloni iliweza kumwekea adui wake msimamizi wa mali. Kijiji huru hakishindwi kumwandikia jirani orodha ya mali yake.