Kisiwa Kilichonunuliwa kwa Nguo

Mtu wa Maparoni haelezwi maji kupwa ni nini. Katika delta ya Rufiji maji yakitoka, mtumbwi unakaa juu ya tope katikati ya mikoko, na mwenye haraka atangoja pamoja na asiye na haraka. Ndiyo maana kisa cha Ali bin Hassan na kisiwa cha Kilwa, huko kusini, kingefaa kusimuliwa na watu wa delta. Wengi wetu tunakumbuka nguo tu. Kisa chenyewe kimo majini.

Tarikh ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasema majahazi saba yalitoka Shiraz yakiwa na baba na wanawe sita. Jahazi la sita, la Ali, lilitia nanga Kilwa. Enzi hizo, inadai tarikh, maji yakipwa mtu alivuka kwa miguu kutoka bara. Mwenye kisiwa alikuwa bara akiwinda. Aliporudi, Ali akaomba kukinunua, naye akakubali kwa sharti moja: kizungushiwe nguo pande zote. Kikazungushiwa. Mwenyeji akachukua nguo zake akaenda zake bara.

Lakini moyoni alipanga kurudi amuue mgeni na kutwaa mali yake. Mwislamu mmoja aliyekuwa akiishi pale akamtonya Ali, na watu wakachimba mkondo maji yalipokuwa yamepwa. Siku chache baadaye mwenyeji akafika ufukweni, akakuta maji yamejaa, akaketi kungoja yapwe kama ada. Hayakupwa. Akarudi kwao akijuta.

Wagiriki nao wana shujaa wa kisiwa, Odysseus wa Ithaca. Alikaa miaka 20 mbali na kwake, aliporudi akakuta wageni wamejaa sebuleni wakila mifugo yake na kumposa mkewe. Akawaua wote, na msikilizaji hufurahi. Kilwa imekigeuza kisa hicho. Anayevuka kudai chake ndiye adui, na mgeni ndiye shujaa. Bahari iliyomrudisha Odysseus inamfungia njia mtu wa bara.

Haishangazi, ukijua kalamu ilikuwa mikononi mwa nani. Tarikh ni habari za masultani, na masultani walihitaji hati ya kiwanja. Nguo zinasema tulinunua, hatukupora. Mkondo unasema na Mungu aliridhia. Mreno João de Barros, aliyechapa kisa hiki mwaka 1552, naye alikipokea kwa upande huohuo wa wenye mji.

Ardhi ina habari zake. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, alikuta watu walikwishaishi pale tangu karibu karne ya 9, wakifinyanga vyungu, wakivua na kufua chuma. Sarafu zenye jina la Ali bin Hassan zipo kweli. Nyingine zilifukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984. Ali basi si wa kubuni. Kilichobuniwa, nadhani, ni upweke wa kisiwa alichokikuta: mwindaji mmoja, Mwislamu mmoja, basi.

Masimulizi ya Kiswahili yaliyokusanywa Kilwa wakati wa Wajerumani yana ukarimu zaidi. Humo mwenyeji ana jina, mzee Mrimba, na mgeni anamwoa binti yake kabla ya mambo ya nguo. Maji yanajaa kwa kafara na kisomo cha Kurani, si kwa majembe. Mimi nayaamini zaidi kwa hilo la ndoa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2023, kutoka makaburi ya pwani yakiwemo ya Kilwa, ulikuta damu ya kikeni karibu yote ni ya Kiafrika, na ya kiumeni kwa sehemu kubwa ni ya Uajemi, mchanganyiko ulioanza kama miaka elfu moja iliyopita.

Katika masimulizi hayo, binti wa Mrimba akazaa mtoto wa kiume. Alipokua, alivuka kwenda kumwamkia babu yake bara, na mzee aliyenyimwa njia ya kurudi akamkabidhi mjukuu nchi.